Simu ya Aimé Imeshika

Makala, makaa ya kupikia, yalikuwa yamekwisha, na jua lilikuwa linazama. Viviane hakuwa hata amevua viatu. Tangu asubuhi alikuwa amesimama kwenye meza yake ya vitenge sokoni, akikunja na kukunjua nguo ambazo wateja walizishika tu na kuziacha, na sasa mgongo ulikuwa haumtii tena. Lakini bila makala hakuna fufu, na mama yake hakuwa ametia kitu tumboni tangu mchana. Akachukua ndoo, akatoka tena.

Mtaa wa Lumumba ulikuwa kimya. Miaka hiyo Bunia ilikuwa na amani, ndivyo redio ilivyosema. Milio ya bunduki ilikuwa imehamia mbali, huko milimani, na magari meupe ya askari wa kigeni yalipita barabarani polepole, kama nayo yamechoka. Hata hivyo, karibu kila nyumba ilikuwa na mfuko uliofungwa nyuma ya mlango: nguo, sufuria, vyeti vya watoto. Hakuna aliyeutaja. Hakuna aliyeufungua.

Alipokuwa anarudi na makala, alimkuta mwanamume mbele ya lango lao. Pikipiki yake ilikuwa imeegemezwa ukutani, na nyuma yake palifungwa gunia dogo la mchele. Alivaa koti zito na viatu vyeusi vinavyong'aa. Viviane aliviangalia viatu vile mara mbili. Mvua ilikuwa imenyesha kutwa, na barabara yote ilikuwa tope.

"Hapa njo kwa Mama Domitille?" mgeni akauliza kwa sauti ya chini.

Viviane akaitikia. Mtu yule akasema anaitwa Félicien na anatoka Mongbwalu. Kisha akaongeza, huku akitazama chini, kwamba yeye ndiye PDG wa Aimé.

Kule kwenye dhahabu, PDG ni mwenye shimo. Ndiye anayewalisha wachimbaji, anayenunua pampu na kamba, anayegawa kinachotoka chini. Na Aimé alikuwa mdogo wake Viviane, kitinda mimba wa mama yao. Alikwenda Mongbwalu wakati wa kiangazi. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili. Halafu simu zikakoma, na watu waliotoka huko wakaleta kila mmoja habari yake: amevukia Uganda, yuko Watsa, ameoa.

Viviane akamkaribisha. Alipompita ili afungue lango, harufu ikampiga puani.

Udongo mbichi. Udongo wa chini kabisa, usiowahi kuona jua.

Mama Domitille alikuwa sebuleni, kwenye kiti chake karibu na bafle mbili, spika kubwa za muziki, akisikiliza kwaya. Starehe hiyo aliachiwa na Aimé. Kabla ya kwenda Mongbwalu, kijana alileta kompyuta kuukuu kutoka Ariwara, akaiunganisha na televisheni na bafle, akatia humo programu ya kuchezea filamu na nyimbo. Kilichomfurahisha kuliko vyote ni kwamba wimbo ulio ndani ya simu uliweza kutokea kwenye bafle bila waya wowote, kwa bluetooth. Simu ikishajulikana, alimweleza dada yake, huna haja ya kuigusa tena. Ikikaribia, kompyuta inaishika yenyewe, na jina lake linatokea kwenye kona ya televisheni. Ila isiwe mbali. Ukivuka lango tu, inakata. Simu zilizojulikana humo ndani zilikuwa ya Viviane na ya Aimé mwenyewe, basi.

Jioni hiyo umeme ulikuwapo. Kwaya ilitoka kwenye simu ya Viviane, iliyokuwa juu ya meza.

Félicien akaketi bila kuvua koti. Akaweka mchele sakafuni na kitenge kipya juu yake, kisha akatoa habari zake taratibu. Aimé ni mzima, alisema. Ni mfanyakazi ambaye hajapata kumwona mfano wake, hachoki. Kazi yenyewe iko chini sana, mahali ambapo mtandao haufiki, ndiyo maana hapigi simu. Mama Domitille akauliza yale ambayo mama yeyote angeuliza. Anakula? Anakula, Félicien akajibu. Analala vizuri?

Félicien akafikicha macho.

Viviane alikuwa anawasha jiko mlangoni, na kutoka pale aliyaona macho ya mgeni. Yalikuwa mekundu, kope zimevimba. Kichwa chake kilikuwa kinainama kwa usingizi, kisha kinashtuka, kinainama tena, kinashtuka, kana kwamba kuna mtu anamwita kila anapokaribia kulala.

Mwishowe akasogeza kiti chake hadi magoti yake yakakaribia kugusana na ya mama.

"Mama, mi naomba neno moja tu," akanong'ona. "Useme na kinywa yako: Aimé abakie mu kazi."

Lilikuwa neno dogo. Mama Domitille alikuwa amechoka kungoja, amechoka kuuliza kila anayeshuka kwenye lori, na huyu hapa mtu aliyekuja kutoka huko kote akiomba baraka tu. Viviane alimwona akilainisha koo. Akaona midomo yake ikifunguka.

Kwaya ikakatika.

Kona ya televisheni ikawaka. Herufi ndogo, nyeupe.

*Aimé.*

Moyo wa Viviane uliruka kwa furaha. Kitu cha kwanza alichowaza ni kwamba mdogo wake yuko langoni, kwamba wamekuja pamoja na PDG na sasa anataka kuwashtua, jinsi alivyopenda utani. Akaruka jiko, akakimbia uani.

Ua ulikuwa mtupu. Akafungua lango. Barabara ilikuwa tupu, mwanga wa mwisho wa jua ukimetameta kwenye madimbwi. Akaita jina la mdogo wake kwa sauti ndogo. Vyura tu ndio walioitika.

Ndipo aliposikia, kutoka ndani ya nyumba.

Tik... tik... tik...

Chuma juu ya jiwe.

Aliporudi sebuleni, ile harufu ya udongo ilikuwa imejaa chumba kizima. Bafle zilikuwa zinatoa sauti moja baada ya nyingine, bila haraka. Nyundo. Tone la maji. Nyundo. Na katikati yake pumzi ya mtu, nzito, inayokwaruza, pumzi ya mtu aliyefanya kazi kupita nguvu zake na bado hajaambiwa apumzike. Félicien hakusogea. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye ukosi wa koti. Mama Domitille alikuwa amegeuza uso kuelekea kwenye bafle, na mikono yake ilikuwa imekamata viegemeo vya kiti.

Viviane akakumbuka maneno ya mdogo wake. Isiwe mbali.

"Papa," akamwambia mgeni, "telefone ya Aimé iko na weye?"

Félicien akatia mkono ndani ya koti. Akauchelewesha humo. Kisha akaitoa, akaiweka mezani.

Ilikuwa yenyewe. Kioo kimepasuka, tope limekaukia kwenye vitufe vya pembeni. Haikuwa na mwanga wowote. Félicien akaeleza, karibu bila sauti, kwamba ilikufa siku nyingi. Kwamba aliitupa mtoni, na asubuhi akaikuta mfukoni. Akaizika, akaikuta mfukoni. Akaigeuza na kubandua kifuniko cha nyuma ili waone wenyewe.

Mahali pa betri palikuwa patupu. Palikuwa na udongo mkavu tu.

Tik... tik...

Jina bado liling'aa kwenye kona ya televisheni.

Kisha nyundo ikasimama.

"Mama."

Haikuwa sauti ya hasira. Haikuwa sauti ya kutisha hata. Ilikuwa sauti ya Aimé kama ilivyokuwa alipokuwa mdogo, akirudi jioni kutoka kuchunga ng'ombe wa baba yake, siku zile ambapo walikuwa bado na ng'ombe.

"Mama, nachoka."

Mama Domitille akafunga macho.

"Hawaniache nilale. Wanasema dhahabu iko mingi bado... Iko mingi bado..."

Félicien akashuka kutoka kwenye kiti, akapiga magoti. Akaanza kumsihi mama aseme lile neno, aliseme upesi. Maneno yalimtoka ovyo. Waganga waliomtengenezea shimo, alisema, walimwambia mama mzazi akishakubali kwa kinywa chake, kila kitu kitatulia. Kijana atanyamaza. Na yeye atalala. Hajalala tangu mvua zianze, alisema. Hata kidogo. Akifunga macho tu, anasikia ile nyundo.

Mama Domitille akainuka. Hakumtazama mtu aliyekuwa miguuni pake. Alikwenda polepole hadi kwenye bafle, akaweka kiganja chake juu yake, pale kitambaa kilipokuwa kinatetemeka.

"Aimé," akasema. "Mi sikukutuma kwa huyu mutu. Mi njo nilikuzala. Weka nyundo chini. Lala."

Tone la maji.

Kisha mlio mmoja wa chuma kinacholazwa juu ya jiwe, taratibu, na baada yake pumzi ndefu iliyoshuka, ikashuka, hadi ikaisha.

Félicien alibaki amepiga magoti kwa muda, mdomo wazi, akisikiliza. Viviane alidhani labda sasa naye amepata nafuu. Lakini uso wa mtu yule ulibadilika ghafla. Akaweka mikono masikioni. Akatazama sakafu, kana kwamba kilichonyamaza kwenye bafle kimeanza kumwita kutoka chini ya miguu yake. Akasimama, akatoka bila kuaga. Wakasikia pikipiki ikiwaka na kuondoka. Sakafuni, tangu kiti hadi mlangoni, viatu vyake safi vilikuwa vimeacha nyayo za udongo mwekundu, mbichi, unaotoa maji.

Mama Domitille hakulia. Alimwagiza Viviane apeleke mchele na kitenge mbali na nyumba, asimpe mtu yeyote. Ile simu aliichukua mwenyewe. Akailaza juu ya kitanda cha Aimé, akaifunika shuka.

Baadaye habari ziliwafikia kwa mdomo wa Jemima, jirani yake Viviane pale sokoni, anayepeleka vitenge Mongbwalu. Alisema kwamba maji yalivunja ukuta wa shimo la Félicien wakati mvua zilipoanza, na baadhi ya wachimbaji hawakutoka. PDG hakupiga kelele. Aliliziba shimo kwa udongo, akawaambia watu kwamba vijana wameondoka kutafuta kazi kwingine. Ndipo shimo la pembeni yake likaanza kutoa dhahabu, dhahabu ambayo watu walikuja kuitazama tu. Kama maji yalivunja ukuta yenyewe, au kuna aliyeyafungulia njia, Jemima hakujua. Na Félicien? Wengine wanasema kakimbilia Uganda. Wengine wanaapa kwamba alishuka peke yake na nyundo mkononi, akakataa kupanda, na kwamba ukiinama mdomoni mwa shimo unamsikia anagonga, anagonga, na kumjibu mtu: bado, bado.

Hakuna aliyeshuka kutazama. Viviane alikwenda kwenye ofisi ya serikali akaeleza kuhusu ndugu yake. Akaambiwa barabara ya huko imefungwa tena na watu wenye silaha, angoje. Mchungaji alikuja, akaomba, akanywa chai, akaenda.

Na kila jioni umeme unapowaka, jina linatokea kwenye kona ya televisheni.

Nyundo haisikiki tena. Kinachosikika kwenye bafle ni pumzi ya mtu aliyelala. Usingizi mzito, mtulivu, wa mtu aliyekuwa anaudai kwa muda mrefu. Mama Domitille haombi kwaya tena. Husogeza kiti chake na kusikiliza, na uso wake umekuwa laini kuliko ulivyokuwa tangu vita. Mwanzoni Viviane aliona ni vizuri. Mama alikuwa anapumzika, hatimaye. Akawa anasinzia pale pale kitini. Akawa anasinzia mapema zaidi. Akawa anakula kijiko cha fufu na kusema imetosha, acha alale kidogo.

Jioni moja Viviane alirudi kutoka sokoni, akaketi sakafuni kando yake. Alikuwa amechoka kiasi cha kushindwa hata kuwasha jiko. Akasikiliza. Bafle ikavuta pumzi. Mama akavuta pumzi. Bafle ikaishusha. Mama akaishusha.

Pamoja. Bila kupishana.

Akangoja ipishane. Haikupishana.

Akamgusa mama yake begani, akamwita. Mama hakuamka. Akamtikisa. Kichwa kikalala upande wa pili, na pumzi ikaendelea vile vile, polepole, ndefu, kama ya kijana aliyetoka shimoni.

Viviane akatambaa hadi ukutani, penye waya wa kompyuta. Akaushika. Akaukaza mkono ili auchomoe.

Pumzi ya kwenye bafle ikakatika. Ilikuwa kama ya mtu aliyeamka gizani, akatulia asikilize.

Akageuka kumtazama mama yake. Kifua cha mama kilikuwa kimesimama pia.

Viviane akauachia waya. Akaondoa mkono kabisa, akauficha kifuani. Akangoja... akangoja... huku midomo ya mama ikianza kubadilika rangi.

Pumzi zikarudi. Zote mbili.

Akabaki pale ukutani, hathubutu kusogea. Na juu ya kichwa chake taa ikafifia, ikawaka, ikafifia tena, jinsi inavyofanya Bunia umeme unapotaka kukatika.