Kona Chini ya Mkeka

Mto wao ulikuwa wa msimu, sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga tu, watoto wanachezea mpira humo na mbuzi wanalala katikati yake kama wamelipia kodi. Unateremka kutoka vilimani, unapita chini ya daraja, unapinda kona kubwa nyuma ya nyumba yao, halafu huko mbele unamezwa na mchanga, haufiki popote. Mume alikuwa mchimba mchanga pale konani. Wachimbaji walikuwa na mwiko wao: ukifika kwenye mchanga wenye unyevu, weka koleo chini, fukia shimo, nenda nyumbani. Lakini mtoto wao alikaribia kutambaa na chumba kilikuwa vumbi tupu, basi baba mtu kwa haraka zake akachimba hadi kwenye ule mchanga mweusi usiokauka hata kiangazi, akaja nao, wakauchanganya na saruji, sakafu ikapigwa.

Haikukauka.

Yaani kwingine kote ilikauka, ukabaki mstari mmoja wa unyevu, mpana kama kiganja, kutoka mlango wa nyuma hadi wa mbele, umepinda katikati. Mke akaupiga deki, akaumwagia majivu, ukarudi. Adhuhuri moja, akinyonyesha, alisikia maji yanapita chini ya sakafu. Taratibu. Nje jua lilikuwa linachoma mawe.

Kona ya mstari ilikuwa chini ya mkeka wa mtoto. Akauhamishia mkeka dirishani.

Kesho yake kona ilikuwa dirishani.

Mama mkwe, aliyeishi nao, aliinama akaufuata mstari kwa kidole. Hapa vilima, akasema, hapa daraja, hapa anapochimba mwanangu. Mke akataka wahame siku hiyo hiyo. Bibi akatikisa kichwa: mto umeshachokozwa, utamfuata mtoto popote, mpaka upate mtu. Mkono mtupu haulambwi.

"Mbebe mkasimame darajani," akanong'ona. "Hapo nitalala mimi."

"Mama, hapana."

"Mifupa mitupu hii, mwanangu. Hata mto utanitema."

Akajifungia kwa komeo.

Mke alipofika darajani na mtoto, hakukuwa na wingu hata moja. Ikaja harufu ya tope. Kisha mngurumo. Kumbe mvua ilinyesha vilimani. Wachimbaji wakaruka kutoka mashimoni, mume wake akiwa wa mwisho, na maji yakapita chini ya daraja, mekundu, yamebeba magogo.

Yalipofika konani, yakanyamaza.

Walikimbia nyumbani. Mume akavunja mlango. Komeo lilikuwa bado limefungwa kwa ndani. Ndala za bibi zilikuwa kando ya mkeka, kavu. Sakafu nzima kavu, mstari haupo. Juu ya mkeka kulikuwa na mchanga mweusi, umelowa, umelala umbo la mtu aliyejikunja.

Watu waliambiwa bibi alikwenda kutazama mto. Wakamtafuta hadi kule mto unakomezwa.

Haukumtema.

Mke hakulia. Alipika. Aliufua mkeka, ukatoa mchanga, akaufua tena, ukatoa mchanga. Mume akiongea alimsikia kwa mbali, kama mtu aliye chumba cha pili.

Sasa mtoto anatambaa. Hakati chumba moja kwa moja hata siku moja. Anaanzia mlango wa nyuma, anafika katikati pasipo na kitu, anazunguka kona, ndipo anakwenda mlango wa mbele. Pale konani husimama. Hulaza shavu sakafuni, akacheka, kama anavyocheka mtoto akitekenywa na bibi yake.

Jana baba yake alimwona. Akaliweka koleo lake chini mlangoni.

"Hili tusimwambie mtu mwingine," akasema.

"Sitasema."

Mke akaahidi kwa kunong'ona, sakafu isisikie.