Masanduku Manne Nyuma ya Mlango

Jumamosi hiyo duka la vyombo vya umeme lilijaa watu, maana joto lilikuwa limefika mahali ambapo ukiugusa ukuta unaona kama una homa. Feni ya kusimama ilibaki moja tu. Binti mshonaji aliishika shingo, na papo hapo mkono mwingine ukaishika mguu.

Mwenye mkono huo alikuwa kijana mrefu, shati la buluu limekunjwa mikono, bisibisi mbili zimekaa mfukoni pale ambapo wengine huweka kalamu. Alikuwa fundi feni, ametumwa na mteja. Binti alivaa gauni la maua ya njano aliloshona mwenyewe, na pini zilikuwa bado zimechomekwa kifuani, kwa sababu alitoka mbio duka la mapazia, kazini kwake, ng'ambo ya barabara.

Fundi alimwangalia, akaziangalia pini, akauachia mguu wa feni.

"Chukua, dada. Mimi sigombani na mtu mwenye silaha."

Binti akacheka. Akamweleza kwamba feni ni ya baba yake, ambaye anaoka mikate tangu alfajiri na akirudi nyumbani analikuta joto lile lile limemtangulia kitandani. Fundi akazizungusha panga za feni kwa kidole, akatega sikio kama daktari, akasema mota hiyo imechoka kabla haijaanza kazi, wiki mbili haimalizi. Akaandika namba yake ya simu juu ya boksi.

"Ikifa, nipigie. Isipokufa nipigie pia, nijue nimekosea."

Feni ilikufa siku ya tisa, ikinuka kama mkate uliosahauliwa kwenye tanuri. Fundi akaja, akaifungua mezani, akaifufua. Tangu hapo akawa anapiga simu kila mchana, saa ambayo binti anakula, kuulizia hali ya mgonjwa. Siku ya nne akasahau kabisa kumtaja mgonjwa. Binti akawa anamwita Bisibisi, naye anamwita Bi Pini. Jioni walitembea pamoja mpaka kituo cha basi, wakaliacha la kwanza lipite, na la pili, wakijidai limejaa, na huku viti vitupu wanaviona.

Lakini nyumbani kwa kina binti kulikuwa na jambo moja. Familia ile ilihamia nchi hii ya joto ikitokea kwenye baridi ya milimani, mwaka wa pili sasa, baba akifuata kazi ya tanuri. Baba alishazoea. Mama hakutaka kuzoea. Masanduku manne yalisimama nyuma ya mlango yamefungwa kamba, ndani masweta na mablanketi, na kila wiki aliyafuta vumbi utadhani safari ni kesho. Msumari ukutani hakuutaka. Madirishani alitundika mashuka, na binti yake ndiye anayewashonea mapazia watu wa mji mzima. Sisi tunapita tu, ndivyo alivyokuwa akisema, na hakuna aliyembishia.

Siku moja fundi alikuja kubadilisha waya wa ile feni. Binti alipokwenda kuchemsha chai, fundi alibaki peke yake sebuleni, akayaona yote. Katika kazi yake alishafungia feni wageni wengi, na wengi wao walimwita tena baada ya muda aje azing'oe. Nyumba ya watu wanaoondoka aliijua hata afumbe macho: masanduku mlangoni, kuta tupu, shuka dirishani. Alikunywa chai nusu kikombe, akaaga.

Kesho yake mchana akapiga simu.

"Mnaondoka lini?"

Binti alikuwa amepakata kitambaa. Swali lile lilimchoma kuliko pini zake zote, akaona kama anaulizwa na karani wa uhamiaji.

"Kwani tumekukalia vibaya?"

"Nauliza tu, nijue."

"Mama ndiye anajua."

Fundi naye akasikia jibu alilokuwa akiliogopa, kwamba siku imeshapangwa. Hakupiga tena. Hakuwa na hasira. Alijiambia kwamba feni ukiing'oa yanabaki matundu ya skrubu, unayaziba kwa chokaa, yamekwisha. Yeye mwenyewe hakujua angezibwa na nini.

Wiki tatu binti alipanda basi la kwanza. Upindo wa pazia moja aliushona mara mbili, akaufumua mara mbili. Alijua moyoni kwamba amechokwa kwa sababu ni mgeni. Mama, aliyezoea kumsikia akiimba bafuni, alianza kuusikia ukimya. Jumapili wakichambua mchele akamuuliza Bisibisi kapotelea wapi.

"Anadhani tunaondoka, mama."

"Na hatuondoki?"

"Sijui. Wewe ndiye mwenye masanduku."

Mama alichambua mchele ukaisha, akauchambua tena ule uliokwisha kuchambuliwa.

Jumatatu, nyumba ikiwa tupu, alifungua kamba ya sanduku la kwanza akitafuta sweta lake la kijani, lile aliloliweka kwa siku ya kurudi. Mikono ya sweta ilikuwa imeota ukungu. Akafungua la pili, la tatu, la nne. Unyevu umeingia kote. Akakaa chini katikati ya sufu inayonuka, na ndipo alipokumbuka jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yake siku zote: tangu wafike huku mume wake hajakohoa hata mara moja. Yule aliyekuwa akikohoa kule baridini mpaka kitanda kinatikisika.

Akafua yote. Jirani alipita, akaona masweta kumi na moja yamening'inia kwenye jua kali, akamuuliza mama kama kuna baridi inakuja.

"Inaondoka," mama akasema, akaendelea kukamua.

Jioni akamwambia binti ampigie fundi aje afunge feni ya dari.

"Ya dari, mama? Si mpaka dari itobolewe?"

"Atoboe."

Binti alipiga kwa sauti ya mteja, akasema kuna feni ya dari ya kufungwa, akakata. Fundi alidhani ni agizo la mwenye nyumba anayewaandalia wapangaji wapya. Hata hivyo Jumamosi asubuhi alikuja na shati lililonyooshwa pasi mpaka kola inasimama. Mama akamwonyesha katikati ya sebule, akamwomba kwanza asogeze sanduku lililoziba mahali pa ngazi.

Fundi alipanua miguu, akakaza mgongo, akalinyanyua kwa nguvu za mtu anayebeba safari ya familia nzima. Sanduku likapaa. Naye akarudi nyuma hatua tatu, akaangukia kochi, amelipakata.

Akalitikisa. Lilikuwa tupu.

Akainua macho. Madirishani kulikuwa na mapazia mapya, maua ya njano. Binti alisimama mlangoni, pini kifuani, amebana midomo asicheke.

"Nilikuuliza mnaondoka lini," fundi akasema taratibu. "Nilikuwa naogopa jibu."

"Nami nilidhani unalingoja."

Mama alijifanya hasikii. Alishika ngazi kwa mikono miwili.

"Panda, mwanangu. Na ukaze vizuri, sitaki urudi kuing'oa."

Fundi akatoboa, vumbi jeupe likawaangukia wote watatu kichwani. Feni ilipoanza kuzunguka, mapazia yalijaa upepo. Aliposhuka alimsogelea binti, akamuuliza kama Jumapili anaweza kuja bila bisibisi, akiwa na mama yake.

"Kuna nini kimeharibika?" binti akauliza.

"Hakuna. Nataka kifungwe kabla hakijaharibika."

Binti akachomoa pini moja kifuani, akaichomeka kwenye kola ya shati lake. Fundi alianza kukunja waya wa drili, mama akamzuia.

"Nipigie na msumari mmoja hapo ukutani, wa picha."

"Picha gani, mama?" binti akauliza, maana hawakuwa na picha yoyote.

"Wewe acha apige. Itakuja."