Shule ya Nne ya Kiara

Kila Ijumaa jioni Latrice alikaanga samaki, hata awe amechoka vipi. Kutwa nzima alikuwa amefua na kupiga pasi mashuka ya hospitali mjini Milwaukee, Marekani. Binti yake Kiara, mwenye miaka tisa, alikuwa mezani na kitabu chake cha picha. Alisoma bila kusita, na mama alisikiliza kwa furaha.

Jirani yao, Bi Odessa, alikuwa amekuja kula. Yeye ni mwalimu katika shule ya serikali ya mtaa. Anawafundisha kusoma watoto walioachwa nyuma na wenzao. Alisikiliza kidogo, kisha akafunika picha kwa kiganja.

"Endelea, mwanangu."

Hadithi alikuwa ameikariri kwa picha; picha ilipofunikwa, Kiara hakuweza kusoma hata neno moja. Aliyatazama maneno mpaka machozi yakamlengalenga. Akachukua sahani yake, akaenda chumbani.

Latrice alizima jiko. "Walimu wa shule hii nao hawamfundishi. Basi namhamisha. Vocha ninayo, serikali inanilipia karo shule ya binafsi niitakayo. Iko moja ng'ambo ya mto, watoto wake nadhifu kweli."

"Hiyo itakuwa ya ngapi?"

"Ya nne."

"Mchagua nazi hupata koroma, Latrice. Hizo tatu, ulipokwenda kuziona, uliuliza nini?"

"Niliuliza nidhamu. Niliuliza sare."

"Hukuuliza nani atakaa na Kiara anapokwama?"

Latrice alitikisa kichwa. Kila shule ilimwambia ampe mtoto muda, bado ni mgeni. Na kila Kiara alipoanza kuzoea, mama alimhamisha.

"Vocha si mbaya," Bi Odessa alisema. "Lakini inalipa karo tu, haimfundishi mtu kusoma. Kabla ya kuchagua shule, omba ukae darasani, uone. Uliza mtoto aliye nyuma anasaidiwa na nani, na mara ngapi. Na kwa sasa, iandikie shule ya serikali ya mtaa barua, hata kama Kiara hasomi huko. Omba apimwe, wajue anakwama wapi. Ukiandika, lazima wakujibu. Ni haki yako."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Wengi hawaambiwi, mpenzi wangu. Ndiyo maana kazi yangu haiishi."

Latrice aliandika barua. Kiara alipimwa. Akili yake ilikuwa nzima, ila hakuwahi kufundishwa vizuri kuunganisha herufi na sauti zake. Safari hii Latrice hakuuliza sare. Alikaa darasani, akauliza maswali, kisha akachagua shule ya mtaa, ile ya Bi Odessa. Huko Kiara alisaidiwa kila siku, yeye na watoto wengine wawili. Nyumbani, baada ya chakula, mama na mtoto walisoma pamoja, pole pole.

Theluji iliyeyuka, miti ikachipua. Jioni moja Kiara alisoma hadithi nzima ambayo hakuwahi kuisikia. Alikwama, akarudia, akamaliza.

Latrice alifurahi, kisha akaangua kilio. Aliikumbuka miaka mitatu iliyopotea, na maji yakimwagika hayazoleki.

"Unalia nini, Mama?"

"Nilikuhangaisha bure. Nilikuwa nakutafutia shule nzuri, mwanangu."

Kiara alifunga kitabu.

"Mimi nilidhani unanihamisha kwa sababu unanionea aibu," alisema. "Ndiyo maana nilikuficha kwamba sijui kusoma."