Gikunda Hakulala

Soko la Meru lilikuwa limefurika watu asubuhi hiyo. Felicitas, nesi wa chumba cha upasuaji, alikuwa akichagua ndizi, amependeza ndani ya gauni la maua, mara akamwona Gikunda, mpenzi wake. Damu ikamchemka. Jumamosi iliyopita wazee wa kwao walimngoja mwanamume huyu alete miraa ya posa, ile inayofungwa kwa majani ya mgomba, na hakutokea. Hata simu hakupiga.

"Umepata mwingine, eh? Sema tu!"

"Mwingine wa wapi, Feli wangu?" Gikunda alikuwa ameshika kinena, uso ameukunja. "Niko na ngiri. Utumbo ulisukuma hapa nikipakia magunia kule Kangeta. Siku ile hata kusimama nilishindwa."

"Na hospitali huijui?"

"Huko nitapigwa nusu kaputi. Baba yangu alilazwa hivyo akaenda mazima. Nikuoe leo, kesho uwe mjane? Nikaona afadhali unichukie."

Hasira zilimwisha Felicitas papo hapo. Alitaka kumzaba kofi na kumkumbatia kwa pamoja.

"Mjinga wangu wewe! Nani amekuambia utalala? Daktari wetu anadunga sindano hapo hapo, kwenye neva za kinena. Panakufa ganzi, na wewe unapiga stori tu."

"Stori na nani?"

"Na mimi. Hiyo ndiyo kazi yangu."

Alhamisi Gikunda alilala mezani, shuka la kijani limemkinga asione chini. Felicitas aliketi karibu na kichwa chake, akamshika mkono. Alijikaza asionyeshe kwamba naye aliogopa kumpoteza. Wakaongea juu ya shamba, juu ya mbuzi, juu ya nyumba atakayojenga.

"Sasa wataanza saa ngapi?" Gikunda akauliza.

"Walianza kitambo, mpenzi."

Macho yalimtoka. Daktari akacheka nyuma ya barakoa. "Hebu kohoa, bwana, nione kama nimeshona sawasawa."

Akakohoa. Daktari akainama kutazama.

"Safi kabisa. Hakuna kilichosukuma."

Machozi ya furaha yalimbubujika Felicitas hadi barakoa yake ikalowa.

"Feli, mbona unalia? Nimekufa?"

"Uko hai, Gikunda. Uko hai kabisa."

"Basi utanikubali?"

"Nimekubali. Lakini kwa baba utajieleza mwenyewe."

"Jamani, msimchekeshe," daktari akasema, "bado nashona ngozi."

Onyo lilikuwa limechelewa, Gikunda alishaanza kucheka.