Kengele Bila Majani

Ko... ko... ko...

Kétsia akafungua macho gizani. Akadhani ni maji yanadondoka kwenye bati, akadhani ni mlango wa jikoni, akadhani kila kitu isipokuwa kile alichokuwa anakijua vizuri. Ilikuwa kengele ya mti, ile wawindaji wa Walikale wanafunga mbwa shingoni, sababu mbwa wao hawabweki, na porini bila kengele unawapoteza. Wakiwa nyumbani kengele inajazwa majani makavu, inanyamaza. Majani yanatolewa siku ya kuwinda tu.

Sasa nani anawinda usiku, hapa Kashebere, katikati ya nyumba za watu?

Ko... ko...

Ikazunguka nyumba. Ikasimama kwenye ukuta wa mbao, upande ule alipolala Merdi, mtoto wake wa kunyonya. Ikaingia harufu ya manyoya yaliyoloa, na moshi wa zamani. Kétsia akaweka jicho kwenye ufa.

Mbwa. Wengi. Wamekaa kimya kama watu kanisani. Na wa mbele alikuwa Sukisa, mbwa wake mwenyewe.

"Sukisa," akanong'ona.

Mbwa hakumtambua. Halafu Merdi akalia kidogo usingizini...

Hapo ndipo mkia ulitikisika.

Yote yalianza na safari. Mama yake Kétsia alikuwa amelazwa Mweso, na mgonjwa asiye na mtu wa kumhudumia hospitalini, hali wala hanywi. Stéphane, bwana yake, alikuwa barabarani na gari ya mizigo ya tajiri mmoja wa Butembo. Basi mbwa aachiwe nani? Kétsia alitafuta kama mtu anayemtafutia mtoto shule. Shemeji Floribert anafunga mbwa na waya, hapana. Papa Kasika ana ua mzuri, lakini alipomtaja, jirani yake Fifi alicheka mpaka akaweka bidoni ya maji chini.

"Papa Kasika? Mama Merdi, ukimuachia mbwa, atakurudishia mukia na pole juu! Peleka kwa Mama Athanasie, ule mujane wa mwindaji, pale pori inaanzia. Yeye anachungaga mbwa ya watu."

Jua likishuka akafika kwa Mama Athanasie. Akakagua: ua wa mianzi umekazwa, maji safi, mbwa wanono, kila mmoja na kengele iliyojaa majani. Kimya kabisa. Kimya kile ndicho kilimpendeza.

"Niachie nguo yenye harufu ya kwenu," mama mzee akamwambia. "Mbwa akinusa, halii, hatoroki. Lakini nguo yako weye."

Nguo zake zilikuwa zimefungwa kwenye mzigo, mzigo uko juu ya pikipiki, dereva anapiga honi. Kétsia akashika ngobo ya zamani, kitambaa alichombebea Merdi mgongoni tangu azaliwe. Akaona hii ndiyo nzuri zaidi, Sukisa analala karibu na mtoto kila siku. Mama Athanasie alikuwa ameinamia mbwa wengine. Kétsia akaitundika kwenye msumari, akaenda zake.

Mama yake akapona. Kétsia akarudi Kashebere giza limeshaingia, akasema mbwa nitamchukua kesho. Na usiku ule ule, kengele.

Kulipokucha akamsimulia Fifi kwenye chemchemi, yote, kwa pumzi moja. Fifi akacheka tena. Siku ile Kétsia aliogopa kwenda kumchukua mbwa. Lakini usiku uliofuata kengele haikuja kwa Kétsia. Ililia kwa Fifi. Asubuhi Benita, mtoto wa Fifi, akakataa titi. Homa hana. Anatazama mlango tu... anatazama mlango.

Kétsia akamfunga Merdi mgongoni, akakimbia kwa Mama Athanasie. Mbwa walikuwa wamelala, miguu imejaa matope. Karibu na kizingiti, majani makavu yamerundikwa vizuri, kama kazi ya mkono wa mtu.

Mama mzee aliona ngobo mpya mgongoni kwake, akaelewa.

"Nilikuomba nguo ya muntu mukubwa," akanong'ona. "Mukubwa, bwana yangu anamuona muzito, anamuacha."

"Mama, bwana yako alikufa."

"Njo minamuambiaga vile. Hasikii. Usiku anatoa majani ku kengele, anaenda na mbwa yote. Ile harufu ulileta, njo anafuata."

"Nirudishie ngobo yangu. Nirudishie na mbwa."

Msumari ulikuwa mtupu. Sukisa alifungua jicho moja, akamtazama Merdi, akalifunga, hakuinuka.

"Na Fifi? Yeye hakuleta nguo!"

"Ulimuambia?"

Kétsia akakaza ngobo ya Merdi mgongoni.

"Mwenye kusikia habari ya bwana yangu, njia ya nyumba yake inafunguka. Ambia wengi, atazunguka kwa wengi, kwako atapita mara moja moja. Ukinyamaza, atachoka na Fifi. Atarudi ku harufu anajua."

Njiani akakutana na wamama wanaenda shambani, kila mmoja na mtoto mgongoni.

"Mama Merdi! Uso gani hiyo? Kuna nini? Tuambie basi!"

Neno moja tu lingetosha. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Mtoto mmoja akatoa kichwa ndani ya ngobo, akamchekea.

"Hakuna kitu," Kétsia akasema, akapita.

Jioni Stéphane akapiga simu, sauti inakatikakatika. Na yeye pia, Kétsia akamwambia hakuna kitu. Akasukuma meza kwenye mlango, akamlaza Merdi juu ya kifua chake, akangoja.

Ko... ko...

Kwa Fifi. Ikasimama... Ikapita.

Ko. Ko. Ko.

Ukutani. Harufu ya manyoya, na moshi. Merdi akaamka, hakulia. Akageuza kichwa, akatazama mlango.

Kétsia akaweka mdomo kwenye sikio la mtoto wake, na kwa machozi akamwapia.

"Sitaambia muntu mwingine. Sitaambia."