Fundi Hayupo

Fundi mwongo si habari. Fundi asiyedanganya ndiye habari. Huyu wa kisa hiki alikuwa na mkono kuliko mafundi wote waliowahi kuweka cherehani pale kijijini, gauni akikukatia yeye linakukaa kama ulizaliwa nalo, lakini ahadi zake, jamani! Unapeleka kitambaa, anakwambia kesho. Unarudi hiyo kesho, anakwambia kesho. Watu wakachoka, wakambatiza Fundi Kesho. Yeye akaitika, akalowanisha ncha ya uzi mdomoni kama kawaida yake, akaupitisha kwenye tundu la sindano na kuendelea na kazi.

Aliishi na mdogo wake, binti aliyemaliza shule akakosa pa kwenda. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, cha nyuma cha kulala na cha mbele cha kazi, na katikati pazia. Chumba cha kazi kilikuwa na dirisha la nondo na mlango wa kutokea barazani. Kazi ya mdogo mtu ilikuwa kupiga pasi, kutia vifungo na kudanganya. Mteja akipiga hodi, Fundi anaondoa miguu kwenye kanyagio, cherehani inanyamaza, anajibanza nyuma ya pazia. Mdogo anachungulia mlangoni na uso wa upole.

"Dada hayupo."

"Ameenda wapi tena?"

"Ametoka. Njoo kesho."

Mteja akishaondoka, Fundi anacheka mpaka anashika mbavu. Mdogo hakuzaliwa na uongo huo. Siku ya kwanza alikataa, akazabwa kofi na kuulizwa, "Hapa unakula kwa nani?" Basi akajifunza. Na alikuwa mtoto wa kushika haraka, akifundishwa jambo mara moja halimtoki.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi tu kama asubuhi nyingine, kuku wanaparua uwanjani, pasi inashika moto. Harusi ilikuwa imekaribia na gauni la bibi harusi bado lilikuwa vipande juu ya meza. Fundi alikuwa amechachamaa, hasemeshwi. Ndipo ikaja hodi.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya taratibu. Fundi akaruka nyuma ya pazia, akaweka jicho kwenye tundu la pazia hilo. Mgeni. Si wa pale wala si wa kijiji cha jirani. Mwanamke mrefu, mtandio umechanika begani, mkononi ana uzi mwekundu uliozungushiwa kijiti.

"Namuomba fundi anishonee hapa," alisema. "Si kazi ya kumchelewesha. Uzi ninao, namuomba mkono wake tu."

Mdogo aligeuza shingo kidogo. Nyuma ya pazia Fundi akapunga kiganja: fukuza huyo.

"Dada hayupo."

Mgeni hakuuliza ameenda wapi. Alitazama pazia, pale pale kwenye tundu. "Hayupo?"

Fundi hasira ikampanda. Akabana pua, akatoa sauti ya kibibi cha miaka mia. "Fundi hayupo, mama! Umeambiwa kwa lugha gani?"

Mdogo ikabidi aume midomo asiangue kicheko. Mgeni hakucheka wala hakukasirika. Aliinama, akaweka ule uzi mwekundu kwenye kizingiti.

"Basi," alisema. "Hayupo. Siku ya harusi nitapita niulize tena. Mara moja tu."

Akaenda zake. Fundi akatoka nyuma ya pazia akicheka, akajipiga mapaja. "Umeniona lakini? Kibibi nimekiweza!"

Mdogo naye alikuwa bado anacheka, ila analitazama pazia. "Dada, toka basi, ameshaenda."

"Nimetoka."

"Dada?" Alifunua pazia. Akaingia chumba cha nyuma, akainama kuangalia chini ya kitanda. Akarudi kicheko kimekatika. "Dada, acha utani bwana."

Fundi alikuwa amesimama mbele yake, karibu kiasi cha kuhesabu vinyweleo vya nyusi zake. Akasema ni mimi, una upofu? Akamshika mkono. Mdogo akajikuna pale aliposhikwa, kama mtu aliyepitiwa na sisimizi, akatoka nje kumwita kule chooni.

Fundi akamfuata ili amchape vizuri. Akavuka kizingiti. Mguu ukakanyaga sakafu ya chumba cha kazi, kando ya cherehani. Akadhani amezubaa, akavuka tena. Cherehani. Akavuka mbio, macho yamefumbwa, akajigonga kwenye meza ile ile. Akaenda dirishani akapitisha mkono kati ya nondo. Mkono uliingia mpaka kwenye kiwiko. Kwa nje hapakutokea mkono.

Hapo ndipo alipopiga kelele. Aliita majirani, akaita mama yake aliyekwisha kufa. Barazani kuku waliendelea kuparua.

Siku zile alijua jinsi nyumba ilivyo ndogo. Watu walikuja kumuulizia, wakakaa barazani kumsubiri, na yeye akakaa upande wa ndani wa ukuta akiwasikiliza. Ndivyo alivyomsikia muuza duka akilia kama mtoto, akisimulia yaliyomkuta. Mgeni mmoja mwenye mtandio uliochanika alimuomba sukari kidogo, naye akajibu imeisha, huku magunia yamelundikana nyuma yakisubiri bei ipande. Jioni alipoyafungua yalikuwa matupu, yote, na mshono wa kiwandani haujaguswa.

"Kwangu pia alipita," alisema Mama Mikate, yule jirani mwenye tanuri. "Nilikuwa na unga mpaka kwenye kope. Nikamwambia kaa, mama, hapa mkate haukosekani. Wallahi tangu siku hiyo pipa langu la unga halishuki."

"Yule anachukua neno lako," muuza duka alisema chini chini, "halafu anakurudishia."

Ndani, Fundi alisikia yote. Akaketi sakafuni. Fundi hayupo, mama. Alikuwa amelisema mwenyewe, tena kwa madoido. Sasa kilichobaki ni swali moja, siku ya harusi, na mtu wa kulijibu alikuwa mmoja tu.

Akachukua chaki ya kuchorea vitambaa, akaandika juu ya meza kwa herufi kubwa: NIPO.

Mdogo alipoingia na kuliona neno lile, pasi ilimponyoka. Alirudi kinyumenyume mpaka ukutani. "Dada?" alinong'ona. "Dada, upo?"

Fundi akakanyaga kanyagio. Cherehani ikalia, ikanyamaza. Mdogo akafunika mdomo kwa viganja vyote viwili, machozi yakimpitia katikati ya vidole. Fundi akamwandikia yaliyobaki, kifupi kifupi, na mdogo akawa anasoma huku anatikisa kichwa.

"Nitamwambia," alisema. "Akija tu, nitamwambia upo. Wewe ni dada yangu, nani mwingine ninaye?"

Fundi alimkumbatia. Mdogo akajikuna shingo.

Kwa shukrani, na kwa kukosa la kufanya, Fundi akaanza kushona. Alishona gauni la bibi harusi, likatoka la kutolea macho. Mama wa bibi harusi alipolishika, akapiga kigelegele pale pale mlangoni. "Kumbe mkono unao wewe, na dada yako alikuwa anakukalia! Yuko wapi mwenyewe?"

"Amesafiri," mdogo alisema.

"Akae huko huko!"

Mdogo alicheka. Fundi akamsamehe, maana angejibu nini mbele ya watu? Lakini wateja wakaanza kumiminika, na mdogo akahamishia cherehani na meza nyuma ya pazia, wasiione ikijishonea. Kila aliyeahidiwa leo alipata leo, kwa sababu aliyekuwa ndani hakuwa na usingizi wala pa kwenda. Kijiji kikampa mdogo jina jipya: Fundi Leo. Alipoitwa hivyo mara ya kwanza alitazama chini kwa haya. Mara ya pili aliitika.

Sauti yake nayo ikabadilika. Mwanzo alikuwa akinong'ona, "Dada, nikusumbue kidogo?" Baadaye akawa anatupa kitambaa mezani. "Shingo ya hii ishushe, dada. Na fanya haraka, nimeshawaahidi watu." Akaanza kukalia kiti cha Fundi. Akavaa tepu ya Fundi shingoni. Usiku akalala katikati ya kitanda.

Fundi akaona. Si kwamba hakuona. Akaandika kwa chaki: NISAMEHE LILE KOFI.

Mdogo alisoma kwa muda mrefu. Kisha akafuta kwa kitambaa kibichi, taratibu, hadi meza ikang'aa. "Usiwaze, dada. Nilishasema nitamwambia."

Siku ya harusi watu wote walikuwa huko kwenye ngoma. Kijiji kilikuwa kitupu. Mdogo alikuwa akijipaka mafuta mbele ya kioo, akiwa amevaa gauni jipya.

"Hodi."

Mgeni alikuwa amesimama pale pale. Mtandio ule ule, mpasuko ule ule. "Nimekuja na kazi yangu."

"Karibu," mdogo alisema. Akaupokea mtandio kwa mikono miwili, akauweka juu ya cherehani, akaokota kizingitini uzi mwekundu ambao haukuwa umeguswa tangu siku ile, akauweka kando yake. Akavuta pazia ili mgeni asione. Fundi akakaa kwenye cherehani. Alilowanisha ncha ya uzi mdomoni. Akashona mshono alioukataa, akaushona kama hajawahi kushona katika maisha yake, kila sindano inapochoma akiomba, akilia, akicheka. Mwisho huo. Ametoka. Leo anatoka.

Mdogo akampelekea mgeni. Mgeni akapitisha kidole begani. Hapakuonekana palipochanika.

"Mshono mzuri," alisema. "Nani ameshona?"



Fundi alikuwa nyuma ya bega la mdogo wake. Akaweka mdomo sikioni mwake. Sema. Sema ni dada. Akarudi mbio kwenye cherehani, akakanyaga, ikalia. Akachukua chaki. NIPO. Mezani. NIPO. Ukutani. NIPO NIPO NIPO.

Mdogo aligeuka. Aliyaona. Yote aliyaona, pazia lilikuwa halijafunga vizuri. Ngoma ilikuwa ikisikika kwa mbali, na ndani yake watu wakiimba jina. Walikuwa wanamwita Fundi Leo aje acheze.

Akanyoosha mkono, akalifunga pazia vizuri.

"Mimi," alisema.

"Na dada yako? Yupo?"

Mdogo aliweka uso wa upole. Fundi aliujua uso ule. Ni yeye aliyeufundisha.

"Hayupo."

"Ameenda wapi?"

"Ametoka."

Mgeni alitazama pazia, pale kwenye tundu. Jicho la Fundi lilikuwa pale. Tangu siku ile hakuna aliyekuwa amemtazama machoni, na mgeni alimtazama, kwa huruma ya kweli, kama unavyomtazama mtu aliyechelewa kwa hatua moja.

"Basi," alisema. "Hayupo."

Hakupita tena.

Uzi ule mwekundu aliuacha. Haujaisha mpaka leo. Fundi Leo amepanuka, ana duka la vioo, ila cherehani ile ameiacha kwenye nyumba ya zamani, na haruhusu mtu kuingia. Anasema anapenda kushona peke yake. Watu wanamwona barazani anakunywa chai na wageni huku ndani cherehani inakwenda, wanajifanya hawasikii. Nguo nzuri haziulizwi.

Na kila nguo inayotoka mle, ukigeuza pindo, kwa ndani kabisa, kuna neno dogo la uzi mwekundu: NIPO. Kwa sababu aliye ndani hawezi kutoka, lakini nguo zinatoka. Wateja walipouliza, Fundi Leo alicheka akasema ndiyo chapa yake. Basi wakaipenda. Siku hizi mtu hanunui gauni mpaka ageuze pindo kwanza, na asipoliona neno anarudisha, anasema hii bandia.

Mama Mikate alikuwa na moja, amelihifadhi sandukuni mwaka mzima. Juzi alikaa juani kulifumua pindo ili alirefushe kwa ajili ya mjukuu. Akalifikia neno, akaukata uzi, akauvuta kwa vidole vyake vikavu vya unga. Akauachia ghafla.

Ncha ya uzi ilikuwa imelowa, ina joto, kama imetoka mdomoni mwa mtu sasa hivi.