Siku Mbithe Alipochagua Laptopu

Kila Jumamosi, kabla ya chai ya asubuhi, Mbithe alikuwa na kazi tatu: kufagia ngazi za ploti yao pale Mowlem, Nairobi, kujaza madumu mawili ya maji mferejini, na kupangusa cheti chake. Cheti hicho kilitundikwa sebuleni, juu ya redio. Baba yake, Mulwa, ambaye alikuwa mchonga vinyago, alikuwa amekitengenezea fremu ya mbao yenye twiga wanne. Kilieleza kwamba Mbithe Mulwa, wa darasa la saba, alikuwa amehitimu masomo ya kompyuta ya likizo ya Agosti, mwaka wa 1999.

Cheti hakikueleza kwamba katika ukumbi wa kanisa walikosomea kulikuwa na kompyuta moja na watoto thelathini na wanane. Kompyuta hiyo ilifunikwa kitambaa cha kufuma, na hakuna aliyeruhusiwa kuikaribia akiwa na viatu, kwa sababu ya vumbi. Mwalimu Wamalwa, aliyekuwa na moyo mkubwa kuliko vifaa vyake, alimchorea kila mtoto kibodi kwenye kipande cha boksi, herufi zote mahali pake. Wakabonyeza maboksi yao kwa wiki nne. Ile kompyuta ya kweli waliitumia kwa zamu, na zamu ya Mbithe ilipofika, stima ikapotea.

Mbithe hakumwambia mtu. Siku ya kwanza alinyamaza kwa sababu mama yake alifurahi mno kukiona cheti. Siku ya pili majirani walikuja kukitazama, na mmoja akaleta mandazi. Kufikia mwisho wa juma, ploti nzima ilikuwa ikimwita Mtaalamu, na si rahisi kulikataa jina ambalo limekuja na mandazi.

"Niaje, Mtaalamu?" Javan alimsalimu mferejini Jumamosi moja ya Oktoba. Javan alikuwa jirani yake, na likizoni alikuwa amebonyeza boksi kando yake. "Nasikia leo mnaenda Eastleigh kununua laptopu."

"Mama ananunua. Mimi nachagua."

Javan akatua dumu lake chini. "Utachagua na nini?"

"Na akili."

"Mbithe, wewe hujawahi hata kuwasha moja. Mimi angalau niliwasha. Ikalia, nikakimbia."

"Punguza sauti."

"Mwambie mama yako."

"Nikiiona iliyo nzuri nitaijua."

"Hata mimi rubani nikimwona nitamjua," Javan alisema, "lakini usiniulize ndege."

Mbithe alicheka, ila kicheko hicho hakikumshuka vizuri. Alijua pesa hizo zilikuwa pesa gani. Mama yake, Ndunge, alikuwa amepiga chapa katika kiwanda kimoja cha Industrial Area kwa miaka kumi na mmoja, mpaka kiwanda kikapunguza wafanyakazi. Kiinua mgongo alichopewa kilikuwa kimelipa kodi ya nyumba na karo, na sasa zilibaki shilingi elfu ishirini na tano. Kwa muda mama alikuwa akitengeneza programu za harusi na za mazishi, zile karatasi za ratiba, kwa taipureta ya kuazima, akikata picha kwa makasi na kuzibandika kwa gundi. Watu walizipenda. Kisha Mzee Shiundu, dereva wa lori na kiongozi wa kwaya, akamletea kazi ya maana: majalada ya kaseti za kwaya, yenye picha ya waimbaji wote, yawe tayari baada ya wiki mbili.

Makasi na gundi visingetosha. Na kwa kuwa mwaka huo stima ilikuwa ikikatwa kwa zamu, leo mtaa huu, kesho ule, mama aliamua kununua laptopu, ile kompyuta inayokunjwa kama kitabu na kutumia betri.

"Nikikosea hapa, sina pesa nyingine za kukosea," alikuwa amesema akimfunga Mbithe riboni ya nywele. "Lakini nina bahati. Nina mtaalamu nyumbani."

Duka waliloelekezwa lilikuwa ghorofa ya kwanza, kati ya mshonaji na muuza mazulia. Mwenyewe aliitwa Fadumo, mwanamke mrefu mwenye mtandio wa kijani, na aliuza redio, saa na kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo. Mbithe alipochungulia mlangoni na kuziona laptopu tatu kwenye meza, akavua viatu.

"Mama, viatu," alinong'ona. "Vumbi linaua kompyuta."

Mama akavua vyake haraka, ingawa soksi yake ya kushoto ilikuwa imetoboka na kidole gumba kikatoka kuangalia duka. Mzee mmoja aliyekuja kununua mawe ya tochi, yaani betri, aliwaona, akatazama viatu vyake, akavivua pia na kuvipanga nje kwa adabu.

Fadumo alitazama ile safu ya viatu mlangoni. Wateja wengine wote waliingia humo na matope yao tangu afungue duka. Hakucheka wala kuuliza. Alivua ndara zake, akaja mbele ya meza miguu mitupu.

"Karibuni sana," akasema. "Sakafu ni baridi. Ngoja niwatandikie mkeka."

Wakasimama juu ya mkeka wote wanne, kama watu waliokuja kuposa.

Mama alieleza kwamba anatafuta laptopu, na kwamba binti yake ndiye atakayeikagua. Mbithe akaweka mikono nyuma kama alivyoona wakaguzi wa shule wakifanya. Akaizunguka meza mara mbili. Akainama, akanusa moja. Ya pili akaigonga kwa kidole na kusikiliza, kama mtu anayechagua tikiti maji. Kisha akakunja uso.

"Sipiyu iko wapi?"

Kule kanisani mwalimu alikuwa amewachorea kompyuta yenye kioo, kibodi, na boksi kubwa linaloitwa sipiyu ambalo ndilo ubongo wake. Hapa Mbithe aliona kioo na kibodi tu.

"Mama, hizi hazijakamilika," akasema kwa sauti ya huzuni. "Hazina ubongo."

Mama akamgeukia Fadumo, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Dada, mbona mnatuuzia vitu nusu? Mmeona tumetoka mbali mkadhani hatujui?"

"Zinayo, mama. Iko ndani," Fadumo alijibu kwa upole.

"Ndani wapi? Hiyo ni nyembamba kama chapati."

Mzee wa tochi akainama kuchungulia chini ya meza, pengine aone kama ubongo ulianguka. Mbithe akahisi masikio yakimwaka. Hakuwa na hakika tena na alilosema, lakini maneno yalikwisha kutoka, na mama alikuwa ameyaamini. Akaona afadhali achague upesi waondoke. Akaonyesha laptopu kubwa iliyong'aa, yenye spika mbili.

Fadumo akaiwasha. Ikapiga muziki, samaki wa rangi wakaanza kuogelea kwenye kioo. Karibu nayo kulikuwa na ndogo nyeusi, iliyokwaruzika mgongoni, ambayo ilipowashwa ilitoa mlio kama wa kuku anayehama kiota.

"Hii kubwa," Mbithe akasema. "Ina samaki."

"Ni elfu ishirini na tano," Fadumo akasema.

Mama akafungua mkoba akatoa bahasha. Hakuikabidhi mara moja. Aliishika kwa mikono miwili, akailainisha pembe, kama mtu anayemuaga mgeni aliyempenda.

"Ngoja kwanza, mama," Fadumo akasema. "Mashine haichaguliwi kwa macho peke yake. Binti, andika jina la mama hapa tuone."

Mbithe akapanga vidole juu ya kibodi, kila kidole mahali pake. Wiki nne za boksi hazikuwa bure, na mama akavimba kwa fahari. Jina la mama huanza na N. Mbithe akaibonyeza herufi hiyo kwa nguvu zake zote na kuishikilia, kama alivyozoea, maana mwalimu Wamalwa alitaka kusikia boksi likitoa sauti.

Kioo kikajaa N. Zilikimbia mstari wa kwanza, zikashuka wa pili, zikaendelea kama siafu. Mbithe akaruka nyuma na kumkanyaga mzee wa tochi.

"Imeharibika?" akauliza.

"Bado," mzee akasema akishika kidole chake. "Lakini mimi nimeharibika."

"Labda ni kibodi tu hujaizoea," Fadumo akasema. "Kila moja ina tabia yake."

Alikuwa amemfungulia mlango wa kutokea, na Mbithe aliuona. Angeweza kusema ndiyo, ile ya kanisani ilikuwa tofauti. Angeendelea kuitwa Mtaalamu. Lakini bahasha ilikuwa bado mikononi mwa mama, na mama alikuwa akimtazama yeye, si laptopu, akisubiri neno lake.

"Mama, usilipe," Mbithe akasema. "Mimi sijui kompyuta. Sijawahi kuigusa. Tulisomea kwenye boksi."

"Boksi gani?"

"Boksi la sabuni. Mwalimu alituchorea herufi."

"Wiki nne?" mama akauliza.

"Wiki nne."

"Na cheti?"

"Cheti ni cha kweli, mama. Hata boksi lilikuwa la kweli. Ni kompyuta tu ambayo haikunifikia." Machozi yakaanza kumtoka. "Na huyu mama hakutudanganya. Mimi ndiye sikujua sipiyu inakaa wapi."

Mama akairudisha bahasha mkobani kwanza. Kisha akamgeukia Fadumo. "Dada, nimekukosea mbele ya wateja wako. Naomba unisamehe."

"Mimi nilipofungua duka hili," Fadumo akasema, "mtu wa kwanza aliniuliza redio ina bendi ngapi. Nilijua bendi ni ya muziki. Nikamwambia ndani hakuna wanamuziki, wako kwenye studio." Akampa Mbithe kitambaa apanguse uso. "Sasa tuanze upya. Msiniambie mashine mnayotaka. Niambieni kazi."

Kazi mama aliijua. Akaeleza: kuandika maneno ya programu na majalada ya kaseti za kwaya, na kuweka picha katikati yake. Picha mwenye studio wa mtaa wa Umoja angemtilia kwenye disketi, na kazi ikiisha angeipeleka kwa disketi kwa mtu mwenye mashine ya kuchapisha. Akasema pia kwamba kwao stima hukatwa.

Fadumo alinyoosha mkono ukutani akachomoa waya mbili. Ile kubwa ikazimika hapo hapo, muziki na samaki na yote. Ile nyeusi iliyokwaruzika ikabaki ikiwaka.

"Kubwa betri yake imekufa, na betri mpya ya aina hiyo sijaipata Nairobi nzima," akasema. "Nilikuwa nitawaambia kabla hamjalipa. Ndogo hii hukaa saa mbili bila stima. Haina muziki. Kaseti zako zitakuwa nao. Ina nafasi ya disketi. Jaribu mwenyewe."

Mama akavuta kiti. Vidole vilivyopiga chapa miaka kumi na mmoja vikashuka juu ya zile herufi, vikaandika jina la kwaya ya Mzee Shiundu bila kosa hata moja. Fadumo akatia disketi yenye picha ya ngamia, akamwonyesha namna ya kuivuta picha hiyo chini ya maneno na kuipunguza. Ilikwenda polepole, ikafika. Mama akajaribu tena peke yake, mara tatu, na kila mara ngamia alikaa alipotaka.

"Kwaya yako ina mtu mmoja wa sura ngumu sana," mzee wa tochi akasema.

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Laptopu nyeusi ilikuwa elfu ishirini na mbili. Fadumo akaongeza disketi mbili za bure na kuwaandikia namba ya simu ya duka, wakikwama wapige. Walipokuwa wakivaa viatu, alimwambia Mbithe aje siku yoyote baada ya shule, amwonyeshe kuwasha na kuzima.

"Na usivue viatu," akaongeza.

Barabarani mama alibeba laptopu kifuani kama mtoto. Mbithe alitembea nyuma kidogo, akisubiri kugombezwa.

"Njoo hapa," mama akasema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulifurahi sana, mama. Na watu wakaanza kuniita Mtaalamu."

"Nilifurahi kwa sababu ulisoma kwa bidii. Ningefurahi hata kama ungeniambia ulisoma kwenye boksi. Lakini sikia, Mbithe. Ulipojifanya unajua, mimi nilimtukana mtu mwema, na karibu nitoe pesa zetu zote kwa sababu ya samaki. Uliposema hujui, palepale tukapata mtu wa kutufundisha. Kutojua si aibu, kila mtu ana kitu asichokijua. Kinacholeta hasara ni kukificha. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Na leo umesema ukweli wakati ulikuwa mgumu kuusema. Hilo nimeliona pia."

Wakatembea, wakapita maduka ya vitambaa, wakakunja kona, wakakunja nyingine. Mama akasimama, akatazama huku na huku.

"Haya," akasema, "unajua njia ya kurudi stejini tuliposhukia?"

Mbithe akafungua kinywa, akaonyesha kulia. Kisha akaushusha mkono.

"Sijui, mama."

"Hata mimi," mama akasema. "Twende tuulize."